Mukwe Hatukanwi

Nimefanya ujinga mwingi, na mashahidi wake wengi wangali hai hapa Kasongo, kwa hiyo sioni faida ya kuuficha. Lakini uliozidi wote ni huu: nilimgeuza rafiki yangu kuwa mukwe wangu kwa uvivu wa kutembea. Haukuwa mpango, sikuwa natafuta ukoo mzuri, wala sikuomba Mungu. Ni uvivu tu. Kutoka kwangu mpaka nyumba aliyokaa yeye ni mtaa mmoja na kibonde kidogo ambacho mama mjamzito anakivuka na ndoo kichwani, na mimi kibonde hicho kilinishinda. Asiye wa kwetu anaweza kuuliza ubaya uko wapi, mukwe si ni ndugu? Ni ndugu, ndiyo, lakini ni ndugu wa kuvaliwa koti. Kwetu mukwe hatukanwi, hataniwi, huketi naye mkeka mmoja, humuulizi kwa nini amekonda. Ukimkuta anakula unageuza uso kana kwamba umemkuta anaoga. Na mimi na Anselemi, ukiondoa matusi, sijui kama tungekuwa na neno la kuambiana.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda Kabambare kumzika. Nilikwenda kwa pikipiki, mimi ambaye hata sokoni nahitaji kusukumwa, na tulipofika Wamaza nilimwomba kijana wa pikipiki anishushe kwanza nihakikishe kama miguu ingali yangu. Pale matangani walinipa kiti cha mukwe, mbali na watu, na sahani yangu ya wali ililetwa imefunikwa, nile peke yangu nyuma ya nyumba. Mama mmoja mzee wa ukoo wao akaja kunipa pole. Akaniuliza, “Baba, weye ni nani wa marehemu?” Nikamwambia mimi ni mukwe wake. Akanitazama vizuri, macho yangu yalikuwa mekundu kupita kiasi cha ukwe, akasema, “Na mbele ya kuwa mukwe, ulikuwa nani?” Jibu lilikuwa refu kama mwaka mzima.

Watu wakiandika juu ya mwaka uliowakuza, huandika mwaka wa ujana, wa safari na wa mapenzi. Ujana wangu mimi niliutumia nikiwa nimekaa. Nilisoma sekondari nikaimaliza, halafu nikajifunza cherehani, kwa kuwa niliona ni kazi pekee ambayo mteja anakufuata nyumbani na wewe huna haja ya kuvaa viatu. Mwaka ulionikuza ulinikuta na miaka sitini na mitano, meno yakiwa yameanza kuniaga, na mke wangu Elizabeti akiwa amekwisha kunitangulia. Tangu azikwe, watu wote walikuwa wananisemesha kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Wanangu wakubwa wako Kindu, kila Jumapili baada ya misa simu ilikuwa inalia, na neno lilikuwa moja tu, wamelirithi wote kama pua: “Baba, pumzika.” Nikapumzika. Jamani, nilipumzika vizuri. Nilisogeza kitanda kwenye chumba cha mbele ili nisitembee kutoka kitandani mpaka kwenye cherehani, halafu nikaacha kushona, nikabaki na kitanda. Furaha, kitinda mimba wangu aliyebaki nami nyumbani, alinipikia sombe, majani ya mihogo, yenye mawese ya kutosha, wali wa shamba jipya, samaki wa Nyangwe akipatikana, na sahani ilirudi jikoni imeguswa pembeni tu. Nilisikia siku moja akimwambia jirani yetu Mama Mwamvita kwenye ua, “Baba anakula kama kuku anayeogopa mwewe.” Mama Mwamvita, mjane wa mtaa wa Waislamu aliyehamia karibu na uzio wetu zamani na ambaye hukaanga mikate mbele ya nyumba yake kila alasiri, akajibu bila kupunguza sauti, “Huyo hali kwa sababu hakuna wa kumnyang’anya.” Nilikasirika sana. Nilikasirika nimelala.

Anselemi aliletwa na suruali. Alikuwa mtu wa upande wa Lusangi, huko Kabambare, mkulima wa mpunga, mjane wa miaka mingi. Kwao kulikuwa na vurugu za bunduki mwaka ule, akaja Kasongo kukaa kwa mtoto wake wa kwanza, yeye na kijana wake wa mwisho, Mishele. Suruali yake ilikuwa imekuwa kubwa, au yeye alikuwa amepungua ndani yake, maana kule kwa mtoto wake naye aliambiwa apumzike. Aliingia chumbani kwangu bila kupiga hodi ya maana, akanikuta kitandani saa za mchana, akaangalia cherehani yenye vumbi, kisha macho yake yakaenda chini ya dirisha. Pale kulikuwa na kipande kile cha mbao chenye mashimo, kisolo, urithi wa baba mkwe wangu. Wengine hukiita bao. Mimi kwa miaka na miaka nilikuwa naweka vifungo humo: vya shati shimo hili, vya koti shimo lile, vyeupe huku, vyeusi kule. Ni chombo kizuri sana cha kuwekea vifungo. Anselemi alisimama akishikilia suruali yake kwa mkono mmoja isidondoke, akasema polepole kama mtu aliyekuta ng’ombe kanisani:

“Vifungo. Ndani ya kisolo. Weye ni mutu wa wapi?”

Nikamwambia mimi ni mtu wa hapa, na kama amekuja kupunguza suruali, aivue.

“Suruali itangoja,” akasema. “Amka. Shuka chini. Tutacheza na hivyo hivyo vifungo vyako.”

Nilimwambia nimefiwa. Nilidhani neno hilo lingemsimamisha. Lilikuwa linasimamisha watu wote, hata mapadri. Yeye akaanza kupanga vifungo kwenye mashimo, akichanganya vyeupe na vyeusi, kazi yangu ya miaka yote. “Nami nimefiwa,” akasema, “na nimepokonywa shamba juu yake. Kwa hiyo mimi ndiye nitaanza.” Nikashuka kitandani, nasema kweli, si kwa kutaka kucheza bali kwa uchungu wa vifungo. Alinifunga mchezo wa kwanza upesi sana. Alinifunga wa pili. Katika wa tatu nilikaa nikifikiri, mkono uko juu ya shimo, muda mrefu, na Anselemi akashusha pumzi akasema, “Sasa naelewa kwa nini yule mama alitangulia. Alichoka kungoja ucheze.”

Furaha alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, uso umemkauka. Hakuna mtu aliyekuwa amemtaja Elizabeti kwangu bila kuinamisha kichwa. Nilimtazama mgeni huyu, na kitu kikaanza kunipanda. Nilidhani ni kilio, nikajiandaa kwa kilio, na kilipotoka kilikuwa kicheko. Nilicheka mpaka nikashika kitanda. Ni kweli, Elizabeti alikuwa ananingoja kwa kila kitu, alinisubiri mlangoni nimevaa soksi moja, maisha yake yote. Angekuwepo angesema hivyo hivyo. Nilipopata pumzi nikamjibu Anselemi kwamba mtu anayeshikilia suruali kwa mkono hana haki ya kusema wengine wanachelewa. Akacheka naye, suruali ikashuka, na Furaha akaondoka mlangoni na chai yake kwa heshima zote. Jioni hiyo sahani yangu ilirudi jikoni tupu.

Basi tukawa na saa yetu. Saa kumi alasiri, Mama Mwamvita akiweka mafuta motoni, Anselemi alifika. Tulihamia barazani kwa sababu yeye alisema chumba changu kinanuka dawa ya kupumzika. Tuliacha vifungo, tukatafuta mbegu ngumu, na sheria yetu ilikuwa ya zamani, tuliikuta: kete zikitembea, mdomo una ruhusa. Kete zikisimama, kila mtu anarudi kuwa baba wa watu. Aliniita Kobe, kwa kuwa siendi popote bila nyumba yangu. Nikamwita Sultani, kwa kuwa alikuwa anasimulia shamba lake la mpunga kana kwamba lilikuwa na bendera. “Kobe, cheza, mvua inakuja.” “Sultani, ngoja, nahesabu wananchi wako nione nile wangapi.” “Weye unahesabu? Weye ulishona kanzu ya mutu, mikono miwili upande mumoja.” Hilo lilikuwa kweli, sijui nani alimwambia. Namshuku Mama Mwamvita, ambaye kutoka kwenye karai lake la mafuta alikuwa anatusikiliza akigeuza mikate, na mara nyingine mikate iliungua. Wateja wake walizoea kusimama. Kuna walionunua mikate ili wasikie matusi, nadhani.

Sasa nikikaa na kufikiri, nashangaa kitu kidogo kile kilifanya kazi gani. Wanangu walinipenda, hilo sina shaka, lakini mapenzi yao yalikuwa ya kuniwekea mto. Kila walichonifanyia kilinipunguzia kazi, na kila kazi iliyopungua ilienda na kipande changu. Anselemi hakunipunguzia kitu. Alinila kete zangu bila huruma, na kwa kuwa hakunihurumia nilijua kwamba bado nipo. Nilianza kuamka asubuhi nikiwa na hasira nzuri, ya mtu aliyefungwa jana na anayetaka kulipiza leo. Nikarudisha kitanda chumba cha nyuma, nikafuta vumbi kwenye cherehani. Nikanyoa. Nikaanza hata kutunga matusi wakati wa kunyoa, nikayakariri nisiyasahau, na Furaha akinisikia nasema peke yangu chumbani hakuogopa tena. Tulikuwa wazee wawili, na kila siku kwa saa tatu tulikuwa watoto wabaya ambao mama zao wameenda shambani.

Hapa ndipo ujinga wangu unapoingia. Goti la Anselemi lilivimba. Haki ilikuwa kwamba, kwa kuwa yeye alikuwa amenifuata miezi yote hiyo, zamu yangu ilifika ya kumfuata. Nilisema kesho. Nilisema kibonde kina utelezi. Nilisema viatu vyangu viko kwa fundi, na fundi wa viatu akipita akanisalimia akashangaa kusikia habari hiyo. Mwishoni nikapata akili ya mvivu, ambayo ni akili kali kuliko zote: nikamtuma Furaha akamwambie Mishele awe anamleta baba yake kwa kinga. Kinga ni baiskeli yetu huku. Mishele akakubali haraka mno, jambo ambalo mtu mwenye macho angeliona. Basi kila saa kumi baiskeli iliingia uani, mzee amekaa nyuma kwenye kereji kama mfuko wa mihogo, akishushwa huku akinitukana tayari. Na Mishele, kwa kuwa alipaswa kumrudisha, alingoja. Alingoja wapi? Jikoni, kwa nani? Sikujiuliza. Alichanja kuni zetu zote. Alichota maji. Alitengeneza mlango wa choo uliokuwa umeanguka tangu Elizabeti akiwa hai. Nilimsifu kwa baba yake: “Kijana wako hana uvivu.” Anselemi, macho yake yakiwa shimoni, akasema, “Hakuchukua kwako.” Tukaendelea kucheza. Tulikuwa tunahesabu mbegu.

Nilipata habari siku Anselemi alipokuja kwa miguu. Goti bado linamuuma, anachechemea, amevaa koti nililomshonea mimi mwenyewe na kofia ambayo sijawahi kuiona, na nyuma yake wazee wawili wa kwao. Alipiga hodi. Alipiga hodi mara ya pili. Nikapiga kelele kutoka ndani, “Sultani, weye umeanza lini adabu, ingia.” Hakuingia. Nikatoka, nikamkuta ameinamisha macho, anatazama miguu yangu. Akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kunisemesha nayo:

“Baba Bonifasi, tumeona ua katika nyumba yako. Tumekuja kuomba.”

Nilitazama huku na huku nikitafuta ua. Sina bustani. Ndipo nikamwona Furaha anakimbilia jikoni ameziba mdomo, na Mishele kule kwenye uzio anashika baiskeli isiyokuwa na abiria, na Mama Mwamvita amesimamisha kazi, mkate unaungua mafutani. Nilielewa vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza, kwamba binti yangu amepata mtu mzuri. Cha pili, kwamba nimefungwa mchezo mkubwa kuliko yote na hakuna wa kulaumu. Tukawaketisha wazee kwenye viti. Anselemi akakataa chai, mukwe hali mbele ya mukwe. Kisolo kilikuwa pale barazani, mbegu zimepangwa kwa mchezo wa siku ile, na sisi wawili tulikiruka kwa macho. Alipoaga aliniita “mukwe wangu”. Nilimjibu “asante, mukwe”. Nadhani hata kuku walituonea aibu.

Baada ya hapo zikafuata wiki za heshima, na naomba nisirudi huko tena. Tulipokutana kanisani tulisalimiana kama maaskofu wa majimbo tofauti. “Mumeamka salama?” “Tumeamka, sijui huko kwenu.” “Huku pia Mungu anasaidia.” Halafu kila mmoja anatafuta pa kuweka mikono. Nilikuwa na tusi zuri sana juu ya kofia yake, tusi lililokamilika, nimelitunga mwenyewe, na nililirudisha nyumbani mdomoni bila kulitumia. Saa kumi nilikaa barazani, nikaangalia kibonde. Nikacheza mkono wangu na mkono wake, nikamfunga kila siku, na sijawahi kushinda michezo yenye uchungu hivyo. Kisha kitanda kikarudi chumba cha mbele. Kule kwao Anselemi aliacha kuamka kabla ya jua kupanda. Walimpeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi akampima, hakuona kitu, akamwandikia vidonge na kumwambia apumzike. Mishele ndiye aliyetusimulia, na aliposema neno “apumzike” Furaha alinitazama.

Nitasema ukweli, nilifikiria kukataa posa. Nililifikiria kwa siku nyingi. Baba anaweza kukataa. Anasema nyota za vijana hazipatani, au anadai mali, yaani mahari, ambayo hakuna mtu anaweza kuitoa, na mambo yanakufa kwa amani. Nililala nikipima: binti yangu upande huu, saa kumi yangu upande ule. Mzazi gani anapima hivyo? Mzee aliye peke yake, ndiye. Baadaye sana Anselemi alinitumia neno kwamba naye alipima, na kwamba kwake binti yangu alishinda kwa kete chache tu.

Siku ya mali ikafika. Uani palijaa, upande wao huku, upande wetu kule, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mlango wa choo ule aliotengeneza bwana harusi. Mjomba wangu Mzee Kitenge ndiye aliyekuwa mdomo wa upande wetu. Kwetu mali haipokelewi mpaka binti aulizwe mbele ya watu wote, kwa kuwa ikishapokelewa hakuna kurudi. Furaha akaletwa, kitambaa kichwani, macho chini kama inavyotakiwa. Mzee Kitenge akamwuliza, “Mwanangu, hawa watu unawajua?” Akasema anawajua. Mzee akauliza, “Hii mali tuipokee, tusiipokee?” Wanawake walikuwa wamekwisha kujaza mapafu ili wapige vigelegele. Furaha akainua macho, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu.

“Muipokee,” akasema. “Lakini mimi kwanza nina swali kwa wazee. Nikiolewa leo, baba zangu hawa wawili watacheza wapi?”

Mzee Kitenge akadhani hakusikia vizuri. “Nani acheze?”

“Hawa,” akasema, akatuonyesha kwa kidole, mimi huku na Anselemi kule, na sisi tukatazama chini kama wezi wa mayai. “Tangu waitane mukwe, mumoja hali na mwingine haamuki. Mimi siwezi kuingia kwenye ndoa yenye wagonjwa wawili wa heshima, niwapikie uji kwa zamu. Kama sheria ya ukwe inawafunga midomo, wazee watafute mulango. Wakikosa, mbuzi warudi, na mimi na Mishele tungoje mpaka hawa wafe, halafu tuoane.”

Kulikuwa na manung’uniko. Mtu wa upande wao alisema huyu binti amelelewa na nani, na watu wengi wakanitazama. Wazee wa pande zote mbili wakaondoka wakaenda pembeni, nyuma ya jiko, kama ilivyo desturi jambo likiwa zito, na kule wakakaa muda mrefu sana. Sikuthubutu kumtazama Anselemi. Nilitazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa kinatikisika. Mama Mwamvita, aliyekuwa amealikwa kama jirani na amekaa na wanawake, akasema peke yake lakini kwa sauti, “Mimi mikate yangu haiuziki tangu hawa wapate adabu.” Watu wakacheka kidogo. Kisha wazee wakarudi, Mzee Kitenge akasafisha koo akatangaza: mukwe hamtukani mukwe, hilo halibadiliki, liko tangu mababu. Lakini mukwe akiwa na neno kwa mukwe, tangu zamani analipitisha kwa mdomo wa mtu mwingine, asiye wa ukoo huu wala ule. Neno likipita mdomo huo, si la aliyelituma tena. Kama wazee hawa wawili watampata mtu wa namna hiyo, mwenye subira, asiye na undugu na upande wowote, basi mbegu na zitembee. Na kila mmoja atoe kuku, kwa ajili ya aibu.

Vigelegele vilipigwa. Watu wote walikuwa wanamtazama Mama Mwamvita. “Sasa munaniangalia nini?” akasema.

Ndivyo alivyokuja kukaa kati yetu, na kigoda chake na karai lake, saa kumi kila siku. Mchezo wenyewe ulibadilika kidogo. Anselemi aliangalia mbegu, akasema kwa upole, “Mama Mwamvita, mwambie mukwe wangu kwamba nasikitika, lakini anacheza kama mutu anayetafuta miwani na iko usoni.” Mama Mwamvita akageuka kwangu: “Anasema weye ni kipofu na mujinga.” Nikasema, “Mama, mwambie mukwe wangu mheshimiwa kwamba kofia yake ile ya posa ilimfanya afanane na chungu kilichofunikwa.” Akageuka kule: “Anasema una sura ya chungu. Na mimi naongeza, chungu kilichopasuka.” Anselemi akalalamika kwamba mjumbe haruhusiwi kuongeza. “Wazee walisema nipitishe,” akajibu, “hawakusema nipitishe kwa bure.” Tulicheka mpaka goti lake likamuuma. Jioni ile nilimsikia Furaha, siku zake za mwisho katika jiko langu, akiimba huku akisugua sahani zilizorudi tupu.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka ule, na sijapata mwingine ulionipa zaidi. Nilizika huzuni, nikaoza binti, na nikajua nilichopaswa kujua tangu shule: kwamba mtu hazeeki vibaya kwa kukosa chakula wala dawa, bali kwa kukosa wa kumkera. Kwao kulipotulia, Anselemi alirudi kwenye mpunga wake, na Furaha na Mishele wakamfuata. Alikuwa anakuja Kasongo baada ya mavuno, anakaa wiki, na Mama Mwamvita anaacha kila kitu. Nilifunga safari ile ndefu kwenda kwake mara mbili, mimi niliyeshindwa na kibonde. Namshukuru Mungu kwa mtu yule, kwa kila kete aliyonila.

Niliporudi kutoka kuzika, nilifunga mlango. Furaha alikuwa amenisihi nibaki nao Kabambare nikatunzwe. Wa Kindu nao wakapiga simu, na mnajua walisema nini. Nikalala, siku ya kwanza, ya pili, nikiona ni haki yangu, maana safari hii hakuna mtu wa kuingia na suruali. Jana alasiri nikasikia kigoda kinaburutwa barazani kwangu, halafu mbegu zinamwagwa kwenye mashimo, ovyo, na mtu asiyejua kuzipanga. Nikakohoa ili ajue nimelala. Mama Mwamvita hakubisha hodi. Alisema kupitia dirishani, kwa sauti ile ile ya kuuzia mikate:

“Bonifasi, aliyekufa ni yeye, weye bado. Mimi si mukwe wako, si dada yako, na mafuta yangu yanapoa. Toka nje nikutukane mwenyewe.”